Blue ya Joni Mitchell: tuanze na vyombo, machozi baadaye

Ukitafuta orodha yoyote ya albamu bora za karne iliyopita, Blue ya Joni Mitchell, mwimbaji na mtunzi wa Kanada, utaikuta karibu na juu. Jarida la Rolling Stone liliiweka nafasi ya 30 mwaka 2003, kisha likaipandisha hadi ya 3 lilipoipanga upya orodha yake ya albamu 500 mwaka 2020. Na wanaoisifu karibu wote husema jambo moja: ukweli wa moyo, mwanamke aliyejianika mbele ya maikrofoni. Sifa hiyo si ya uongo. Mwenyewe aliliambia jarida hilo hilo mwaka 1979 kwamba wakati ule hakuwa amebaki na kinga yoyote ya nafsi. Kuna pia kisa kinachosimuliwa sana cha mwanamuziki mwenzake Kris Kristofferson kuusikia muziki huo na kumsihi abakize kitu chake mwenyewe.

Lakini waliojianika mbele ya maikrofoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wengi, na albamu zao nyingi leo hazina msikilizaji. Hii imebaki kwa sababu ya ufundi: chombo gani kinabeba wimbo gani, uzi umelegezwa kiasi gani, nani ameitwa studio na nani kaachwa nje, wimbo upi unafuata upi. Nitaipima kwa mizani hiyo, na habari za wapenzi wake nitazigusa pale tu zinapoeleza kitu kinachosikika.

Blue ilitolewa na lebo ya Reprise tarehe 22 Juni 1971. Ni albamu yake ya nne, baada ya Song to a Seagull (1968), Clouds (1969) na Ladies of the Canyon (1970). Ina nyimbo 10 zinazochukua dakika 35 na sekunde 41. Ilirekodiwa mwaka huo huo katika studio za A&M, Hollywood, fundi mitambo akiwa Henry Lewy, na prodyuza akiwa Mitchell mwenyewe. Ilifika nafasi ya 15 Marekani na ya 3 Uingereza, mauzo mazuri kwa albamu isiyo na wimbo wa kuchezeka redioni kila saa.

Sasa hesabu vyombo. Nyimbo nne zimejengwa juu ya dalsima, chombo cha nyuzi nitakachokieleza hivi punde (All I Want, Carey, California, A Case of You), nne juu ya piano (My Old Man, Blue, River, The Last Time I Saw Richard), na mbili tu juu ya gitaa lake (Little Green na This Flight Tonight). Huyu alikuwa amejulikana kwa gitaa, na muziki wa folki wakati ule maana yake ilikuwa mtu na gitaa lake. Halafu panga nyimbo hizo kwa mfuatano wa santuri. Upande wa kwanza: dalsima, piano, gitaa, dalsima, piano. Upande wa pili: dalsima, gitaa, piano, dalsima, piano. Hakuna mahali ambapo chombo kimoja kinashika nyimbo mbili mfululizo. Kila upande unafunguliwa na dalsima na kufungwa na piano. Kwa hiyo kila upande unaanza safarini, nyuzi zikigongwa na miguu ikiwasha, na unaishia umekaa kwenye kiti kimoja bila pa kwenda. Ndiyo sababu dakika 35 za sauti moja, bila bendi, hazichoshi. Sikio linapewa mbao mpya au chuma kipya kila baada ya dakika tatu na ushei.

Dalsima inahitaji maelezo, maana wengi huisikia wakadhani ni gitaa la ajabu ajabu. Hii ni ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani: kisanduku chembamba chenye nyuzi tatu au nne, kinalazwa mapajani, na freti zake, vile vijiti vya chuma vinavyogawa noti shingoni, hazina nusu-toni zote kama gitaa. Zimepangwa kwa ngazi ya sauti saba tu. Uzi mmoja, au jozi ya nyuzi, ndio unaobeba mahadhi. Zilizobaki zinavuma noti ile ile mwanzo hadi mwisho. Wachezaji wa jadi waliipiga taratibu kwa unyoya wa ndege. Mitchell alieleza baadaye kwamba hakuwahi kumwona mtu akiicheza hivyo. Kitu pekee alichokuwa amezoea kukiweka mapajani ni ngoma ya bongo, basi dalsima nayo akaigonga kama ngoma. Yake ilitengenezwa na Joellen Lapidus, na kwa kuwa ni nyepesi ndiyo aliyosafiri nayo Ulaya mwaka 1970, safari iliyomfikisha Matala, kisiwani Krete, na iliyozaa Carey na sehemu kubwa ya California.

Ule ugongaji ndio moyo wa All I Want. Sikiliza sekunde za mwanzo: mvumo unaenda mbele, mkono unapiga na kuziba nyuzi kwa zamu, na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inakataa kutua. Unajua kuna nyumbani mahali fulani lakini wimbo haujakupeleka. Mashairi yakija, yanasema kitu hicho hicho: yuko barabarani, anatafuta, hajui vizuri anatafuta nini. Wengine wangeimba tu kwamba wanatangatanga, juu ya kodi tatu zilizotulia.

Ukitaka kuzicheza nyimbo hizi pamoja na rekodi, tatizo la kwanza ni kimo cha sauti. Dalsima nyingi hutuniwa D-A-A au D-A-D. All I Want, Carey na A Case of You kwenye rekodi ziko Db, kwa hiyo shusha nyuzi zote nusu-toni. California iko E, yaani toni nzima juu ya D. Hapo usikaze tu ukitumaini mema: uzi wa juu ukiwa tayari D ya oktavu ya pili, toni moja zaidi inatosha kuukata karibu na daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi. Ama funga uzi mwembamba zaidi kabla ya kupandisha, ama weka kapo ya dalsima, kibano kinachobana nyuzi zote shingoni. Tatizo la pili ni freti. Katika D-A-D ngazi ya chombo cha kizamani inakupa noti ya saba iliyoshuka, na mahadhi yakihitaji ya saba iliyo juu huipati popote. Vyombo vingi vya sasa vina freti ya ziada inayoitwa ya 6 na nusu kwa kazi hiyo hasa. Angalia kama chako kinayo kabla ya kujilaumu.

Wenye gitaa tu, msizicheze nyimbo hizi kwa kodi za kawaida. Ukishika D, G na A kama kitabu kinavyosema, mvumo unakatika kila unapobadili kodi na wimbo unageuka kuwa wa kambi ya vijana. Tuni gitaa D-A-D-F#-A-D, lishushe lote nusu-toni, acha nyuzi nene zivume bila kuguswa, na cheza mahadhi kwenye nyuzi mbili za juu. Haitakuwa dalsima, lakini itakuwa na sakafu ile ile.

Tuje kwenye gitaa lenyewe. Mitchell aliugua polio akiwa mtoto wa miaka tisa, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Kodi zinazodai vidole vinne kubana kwa nguvu zilimshinda, akatafuta njia ya kuligeuza gitaa badala ya kuugeuza mkono: kuzituni nyuzi zitoe kodi zenyewe zikiwa wazi, ili kidole kimoja au viwili vitoshe kuibadilisha. Kutokana na shida hiyo akapata kodi ambazo kwenye gitaa la kawaida hazishikiki kwa urahisi, hasa zile zinazoacha noti ya tatu nje, kodi ambazo si za furaha wala si za huzuni. Mwenyewe amewahi kuziita kodi za kuuliza.

Little Green ndiyo nyepesi kuijaribu. Tuni ni D-G-D-G-B-D: uzi wa sita unashuka kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D, wa nne, wa tatu na wa pili haziguswi. Kapo iko freti ya nne, na wimbo unasikika kwenye B. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: uzi ukilegezwa na kuachwa hapo, hujishusha zaidi baada ya dakika moja kwa sababu bado una mkazo uliokwama kwenye kibao cha juu cha shingo. Ushushe kupita noti unayoitaka, uvute kidogo kwa kidole, kisha upandishe hadi mahali pake. Halafu ukishaweka kapo, tuni tena, maana kapo huvuta nyuzi juu, na uzi wa sita uliolegezwa ndio unaovutwa zaidi. Mkono wa kulia unadonoa kwa utaratibu usiobadilika, gumba likibeba besi. Usiongeze mapambo. Wimbo huu hauna kilele, na hiyo ni makusudi.

Kwa habari: Little Green ulitungwa miaka kadhaa kabla ya albamu na unamhusu binti aliyemzaa mwaka 1965 na kumtoa alelewe na familia nyingine. Mwaka 1971 hakuna msikilizaji aliyelijua hilo, na mhakiki wa Rolling Stone alilalamika kwamba mafumbo yake hayaeleweki. Miaka ya 1990 habari ilipotoka, na mama na binti walipokutana mwaka 1997, wimbo ukawa wazi kama maji ya kisima. Mimi huona somo tofauti kidogo: wimbo ulikuwa umesimama wenyewe kwa zaidi ya miaka 20 bila ufunguo. Sauti inavyokataa kupanda mahali ambapo mwimbaji mwingine angelia inatosha kumwambia msikilizaji kwamba kuna kitu kimezuiliwa.

This Flight Tonight ni kesi nyingine kabisa. Nyuzi tano za juu ni ile tuni ya Little Green iliyopandishwa nusu-toni (Ab-Eb-Ab-C-Eb), lakini uzi wa sita unashuka kutoka E hadi Ab ya chini, nusu-toni nane nzima, oktavu moja chini ya uzi wa tano. Kwa uzi wa kawaida wa inchi 0.053 utapata kitu kinachopiga kelele dhidi ya freti badala ya kutoa noti. Sehemu ya kelele hiyo ipo kwenye rekodi na inafaa, wimbo unahusu mtu aliye ndani ya ndege akijuta kupanda, na ule mtetemo wa chini unafanya kazi ya injini. Lakini kiasi kikizidi, noti inapotea kabisa. Funga uzi wa inchi 0.060 au mnene zaidi, piga karibu na daraja kuliko kawaida, na punguza nguvu: uzi uliolegea ukichapwa kwa nguvu unaanza juu ya noti kisha unashuka, na sikio linausikia kama ulioharibika tuni.

Wimbo huu ndio pia wenye kosa la wazi zaidi katika albamu, kwa hukumu yangu. Mashairi yanapotaja hedifoni, sauti inabanwa ghafla isikike kana kwamba inatoka kwenye hedifoni hizo. Mwaka 1971 huenda lilichekesha. Leo ni mzaha wa studio katikati ya albamu isiyo na mizaha ya studio, na kila mara unakukumbusha kwamba kuna mtu ameshika swichi. Bendi ya Nazareth iliupiga wimbo huu kwa gitaa la umeme mwaka 1973 bila kuhitaji ujanja huo, na umbo lake likastahimili, jambo linaloonyesha jinsi mifupa yake ilivyo imara.

Nyimbo za piano ndizo zinazogawa wasikilizaji. Mitchell hapigi piano kama mpiga piano wa kusomea. Mkono wa kushoto unazungusha kodi pana, wa kulia unapita juu yake kwa mwendo wake, na sauti mara nyingi haifuati mkono wowote. My Old Man unaanza kwa furaha ya nyumbani, lakini subiri sehemu inayosimulia mwenzake akiwa hayupo: kodi zinateleza kwenda mahali ambapo wimbo ule mchangamfu haukuwa na ruhusa ya kwenda, kisha zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Blue, wimbo wenyewe wenye jina la albamu, ni wa dakika 3 tu na hauna kiitikio. Usiutafute.

River ndiyo wa kusikiliza kwa penseli mkononi. Piano inaanza na Jingle Bells, wimbo wa Krismasi wa James Pierpont wa mwaka 1857, na kila mtu anayeujua anautambua kwa noti chache tu. Mkono wa kulia unashika yale mahadhi ya watoto, lakini kodi zilizo chini zinaanza kusogea, na furaha inaharibika bila noti ya mahadhi kubadilika sana. Mashairi yanamweka msemaji California wakati wa Krismasi, mahali pasipo na theluji, akitamani mto ulioganda ateleze juu yake aondoke. Mitchell alikulia Saskatoon, Kanada, ambako mto ulioganda si tamathali ya usemi, ni mto ulioganda. Mwishoni Jingle Bells inarudi, na mara hii inamalizika bila kutua. Leo wimbo huu unapigwa madukani kila Desemba, na wanaouimba upya hukosea mahali pamoja: wanaweka kengele, vinanda vya nyuzi na kwaya, halafu ule utangulizi unapoteza kazi. Jingle Bells iliyopotoka inauma tu kama hakuna sherehe nyingine inayoendelea chumbani.

The Last Time I Saw Richard, unaofunga albamu, una utangulizi mrefu wa piano kuliko yote, na baada yake sauti inaingia kama mtu anayekatiza mazungumzo. Maneno ni mengi kuliko mapigo. Anayabana, anayavuta, anamaliza sentensi katikati ya kipimo kinachofuata. Ukijaribu kuuimba, usijifunze maneno juu ya mashine ya kupimia mapigo. Zungumza kwanza mashairi yote kwa sauti ya kawaida hadi ujue pumzi zinaangukia wapi, ndipo uweke piano chini. Anayefanya kinyume huishia kukimbia.

Na A Case of You. Ni wimbo uliorudiwa na waimbaji chungu nzima, Prince akiwa mmoja wao, na bado ule wa awali hauna pambo lolote: dalsima, gitaa la James Taylor, na ngoma za Russ Kunkel zinazosikika kwa shida. Unafunguliwa na mpenzi anayejisifu kuwa thabiti kama nyota ya kaskazini. Hayo ni maneno ya Kaizari katika tamthilia ya Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili mwaka 1963. Aliyeisoma anakumbuka yanasemwa lini: katika onyesho la kwanza la tendo la tatu, dakika chache kabla Kaizari hajachomwa visu. Kwa hiyo mpenzi anajisifu kwa maneno ya mtu anayekaribia kuanguka, na mwanamke anamjibu papo hapo, kwa kejeli, kwamba kuwa thabiti gizani kunamsaidia nani. Ni mistari michache tu na ugomvi mzima umeshaonekana. Kisha anachora ramani ya Kanada nyuma ya kikaratasi cha kuwekea bilauri, na anapolitaja jina la nchi yake anaimba kwa kunyoosha sauti juu kabisa, mahali pekee kwenye wimbo anapojiachia hivyo. Waimbaji wengi huja na nguvu tangu ubeti wa kwanza na wakifika Kanada hawana tena pa kupanda.

Wageni ni wachache, nao wamepewa kazi ndogo. Taylor anapiga gitaa kwenye All I Want, California na A Case of You. Stephen Stills anashika besi na gitaa kwenye Carey. Sneaky Pete Kleinow anatia gitaa la kulaza lenye pedali kwenye California na This Flight Tonight, na Kunkel ngoma kwenye Carey, California na A Case of You. Basi. Nyimbo zote nne za piano ni yeye peke yake. Katika jengo hilo hilo la A&M, mwanzoni mwa 1971, Carole King alikuwa akirekodi Tapestry, na Mitchell na Taylor walimwimbia sauti za nyuma. Ukizisikiliza albamu hizo mbili zikifuatana utaona tofauti ya maamuzi: King anataka bendi na kiitikio unachoweza kukiimba ukifua nguo, Mitchell anafunga mlango.

Udhaifu mwingine upo. Carey ni mwepesi, na sina ugomvi nao kwa sababu mahali pake, kati ya Little Green na Blue, panahitaji hewa. California unanisumbua zaidi: umekaa kama orodha ya vituo, Paris, Ugiriki, Hispania, na yale mateleza ya gitaa la pedali yanaleta utamu ambao mashairi hayajauomba. Na sauti yenyewe, ile inayoruka kutoka kifuani hadi kichwani katikati ya neno, si ya kila sikio. Asiyeipenda asilazimishwe. Ajaribu For the Roses (1972) au Court and Spark (1974), ambako imeshuka kidogo na ina vyombo vingi vya kuegemea.

Kuhusu kuisikiliza. Dalsima ina nyuzi nyembamba za chuma na mlio wenye ncha kali, na ncha hizo ndizo zinazoharibika kwanza kwenye faili lililobanwa sana. Kwa MP3 ya kilobiti 128 ugongaji wa All I Want unasikika kama mchanga. Tumia faili lisilopunguzwa ubora ukiweza. Kwenye Spotify muziki wake uliondolewa Januari 2022 na kurudishwa Machi 2024.

Wanaonunua santuri, toleo la kwanza la Marekani lina namba MS 2038. Jalada la picha ya Tim Considine, uso uliozama katika rangi ya buluu, huvutia macho, lakini kinacholipiwa ni sahani. Imulike chini ya taa kali kisha usikilize vitu viwili. Cha kwanza ni tundu la katikati. Likiwa limetobolewa pembeni hata kidogo, sahani inayumba na kimo cha sauti kinapanda na kushuka mara moja kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8. Kwenye gitaa hutaona sana, kwenye kodi ya piano iliyoshikiliwa utaona mara moja, na albamu hii ina nyimbo nne za piano. Jaribu River. Cha pili ni mwisho wa kila upande. Sahani inazunguka kwa kasi moja, lakini mfereji wa nje una urefu wa sentimita 92 hivi kwa mzunguko na wa ndani kabisa kama 38, kwa hiyo kadiri sindano inavyokaribia katikati, sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo. Upande wa kwanza una dakika 16 na nusu na haufiki ndani sana. Wa pili una dakika 19 na sekunde 11, na unamalizikia kwenye The Last Time I Saw Richard, sauti ya juu na piano. Hapo ndipo sahani iliyochezwa kwa sindano mbovu inajifichua: herufi za s zinakwaruza. Kama zinakwaruza hata baada ya kuosha sahani na kuweka uzito wa sindano kama mtengenezaji alivyoagiza, mfereji umeshalika, na hakuna dawa.

Jambo la mwisho la ufundi ni kilichotolewa. Albamu ilikuwa karibu kukamilika ikiwa na Urge for Going na Hunter ndani yake. Mitchell akazitoa na kuingiza All I Want na The Last Time I Saw Richard, yaani mlango wa kuingilia na wa kutokea, vyote viwili, viliwekwa dakika za mwisho. Bila hizo, ule mpango wa kuanza na dalsima na kuishia na piano usingekuwapo. Urge for Going ulitoka mwaka 1972 nyuma ya singo, na Hunter ulisubiri hadi 2021, wakati wa miaka 50 ya albamu, ulipowekwa kwenye mkusanyo mfupi uitwao Blue 50.

Mkusanyo huo una pia River yenye tarumbeta za Kifaransa, zile zilizopinda kama konokono. Isikilize mara tu baada ya River ya albamu. Tarumbeta zimepigwa vizuri, kodi zake ni sahihi, na kila zinapoingia zinaijibu piano kabla piano haijamaliza kuuliza.